Msiba Uliosubiri Tamasha Liishe

Albamu ya mdogo wangu ina nyimbo saba, na mimi husikiliza mahali ambapo hakuna wimbo. Ni baada ya wimbo wa nne. Makofi yanapungua, mtu anakohoa, glasi inagongana na kitu, kisha mdogo wangu anasogelea kipaza sauti na kusema maneno machache kwa lugha ya wenyeji wa huko. Watu wanacheka. Halafu anageukia lugha ya nyumbani, anauliza: "Amakuru?" Kutoka karibu kabisa na jukwaa sauti ya mwanamume inajibu: "Ni meza."

Habari gani, na jibu lake, ni nzuri. Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Ngara, na jirani zetu wa Burundi vilevile. Watu wa ukumbini hawakuelewa hata neno moja, lakini walipiga makofi kwa furaha kabisa. Mama yetu alikuwa amezikwa jana yake. Yule aliyejibu alikuwa anajua, mdogo wangu alikuwa hajui, na mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mume nilikuwa naye, akaenda zake, na hayo si ya leo. Naishi kwenye nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili, kimoja changu, kingine cha mkaa na baiskeli isiyo na mnyororo. Wenzangu wananiona mkali. Ni kweli, mimi mkali, na tabu ya ukali ni kwamba ikifika jioni wanafunzi wameondoka, unakosa wa kumgombeza, unaanza kujigombeza mwenyewe.

Nyumbani hasa ni Murusagamba, Ngara, huko mpakani, ambako simu inakukaribisha Burundi hali umekaa jikoni kwa mama yako unamenya ndizi. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, mdogo wangu ni wa mwisho. Katikati walikuwepo wawili ambao hawakukua. Baba alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili. Kwa hiyo tulibaki watatu, na tangu hapo sijawahi kuwa na hesabu nyingine ya familia.

Tarumbeta aliikuta Rulenge alikokwenda kusoma sekondari. Kulikuwa na bendi iliyotangulia maandamano ya Ekaristi, na mpigaji wao mmoja alivunjika meno ya mbele kwenye mpira. Mdogo wangu akapewa tarumbeta kwa sababu meno yake yote yalikuwepo. Hakukuwa na sababu nyingine. Ukitazama alipofika leo utadhani alitabiriwa, kumbe ni meno tu. Kutoka hapo akapata nafasi ya kusoma muziki Dar es Salaam, kisha Ulaya, akabaki huko huko na bendi ya watu wanne.

Alipotuambia anapiga jazi, mama alifurahi. Kwa mama jazi zilikuwa zile bendi za dansi za ujana wake, magitaa matatu na watu wanacheza mpaka visigino vya viatu vinang'oka. Siku moja mdogo wangu alituma kipande kwenye simu yangu. Mama alisikiliza akiwa amejiziba mdomo kwa kanga, kwa heshima zote, dakika saba nzima. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?" Ulikuwa umeshakwisha. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, na tulipomsimulia mdogo wangu naye akacheka mpaka akakata simu.

Mama alifariki Ijumaa asubuhi, mwezi wa kwanza, siku chache kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, mimi na yeye tu. Majirani walipojaa uwanjani, akafika baba mdogo, ndugu yake baba. Alisimama mlangoni, na swali lake la kwanza likawa hili: "Yule wa Ulaya yuko na nani?"

Kwetu mtu hapewi msiba wa mzazi kwa simu. Simu inaweza kumkuta anavuka barabara, au yuko chumbani peke yake amejifungia. Hutumwa mtu. Mtu huyo akifika, husalimia kama kawaida, hukaa, huangalia kama mfiwa ameshakula, kwa sababu akishaambiwa hatakula tena siku mbili tatu. Mfiwa akiwa ameketi na tumbo lina kitu, ndipo anaambiwa na mtu aliye ubavuni kwake, ambaye mkono wake uko tayari kumshika. Nimeona watu wakila sahani nzima ya ugali huku nyumba nzima inajua isipokuwa wao. Hakuna anayeona ni ukatili. Ni kumjali mtu.

"Lakini baba, yule yuko Ulaya," nikasema.

"Ulaya hakuna watu?" akaniuliza.

Walikuwepo. Jirani yetu wa upande wa chini, mama ambaye familia yake ilikimbia kutoka Burundi zamani ikapewa shamba na sasa tunasali jumuiya moja, ana mwanawe Ubelgiji. Mdogo wangu alikuwa nchi ya jirani na hiyo, kwenye ziara. Bendi yao ilikuwa inazunguka miji kumi na mmoja, kila jioni au kila alasiri mji mwingine. Mtoto wa jirani anafanya kazi ghalani na siku yake ya kupumzika ni Jumapili tu. Angepanda treni Jumapili asubuhi, afike mchana. Sisi tungezika Jumamosi, maana hatukuwa na namna ya kumhifadhi mama mpaka mtu avuke bahari.

Nilizungumza naye mimi. Akaniuliza, "Dada, si bora nimpigie tu?" Nikamwambia hapana, nenda. Hakikisha ameketi. Hakikisha amekula. Kabla hajala usimwambie kitu. Nikayarudia mara mbili kama ninavyofanya kwa watoto wa darasa la tatu, na yeye akaitikia kama mtoto wa darasa la tatu. Kisha nikazima simu yangu. Jumamosi mdogo wangu aliniandikia kuuliza mama anaendeleaje na kifua. Ujumbe ule niliusoma Jumatatu.

Kwa muda mrefu nimejitetea kwa mila. Mila ni kweli, na baba mdogo hakukosea. Lakini mimi ilinifaa kwa jambo langu. Nilikuwa naogopa kumwambia kwa sauti yangu, kwa sababu angeniuliza ilikuwaje, na nisingekuwa na jibu ninaloweza kulisema. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kuona kuna mtu mwingine atakayeulizwa.

Jumatatu alfajiri yule mjumbe alinipigia akiwa kwenye treni ya kurudi. Alisema mdogo wangu alimkumbatia mpaka wakataka kuanguka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona mtu wa nyumbani kwenye tamasha lake. Alimpeleka chumba cha nyuma ambako wanamuziki walikuwa wamewekewa mikate, nyama na matunda. Mjumbe akaona nafasi yake ndiyo hiyo. Akauliza, "Umeshakula?" Mdogo wangu akacheka. "Sili kabla ya kupiga, kaka. Nikila pumzi inakwama. Nitakula baada."

Basi mtu wa watu akayameza maneno yake. Angefanya nini? Nilimwambia kabla hajala usimwambie. Mdogo wangu alimbebea kiti mwenyewe, akakiweka mbele ya watu wote, akamkalisha. Akakaa hapo saa moja na nusu, mikono mapajani, anamtazama mtu anayepiga tarumbeta kwa furaha kwa sababu kuna ndugu ukumbini. Baada ya wimbo wa nne akasalimiwa mbele za watu.

"Ningejibu nini, dada?" aliniuliza, na treni ilikuwa inapiga kelele nyuma yake. "Mtu akikuuliza amakuru, unajibu nini?"

Hata pale uwanjani kwetu, na kaburi bado bichi, kila aliyeingia aliuliza habari na sisi tukasema nzuri, ndipo tukaendelea na kulia.

Tamasha lilipokwisha mdogo wangu alikula. Alikula sahani nzima, na akamlazimisha mgeni wake ale pia, na mgeni akala. Sahani ilipokuwa tupu akamwambia. Mdogo wangu akauliza, "Lini?" Akajibiwa Ijumaa. Akahesabu kwa vidole, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, kisha akaifuta tarumbeta, akairudisha kwenye sanduku lake, akafunga vifungo vyote viwili.

Mimi alinipigia Jumanne.

"Dada, ulijua tangu Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na Jumapili nikapiga."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Nikacheka na watu," akasema, akakata.

Hakuja kumaliza msiba. Aliandika kwamba ana kazi. Tangu hapo mimi nilikuwa naandika ujumbe mrefu wa kujaza kioo cha simu, yeye anajibu "Sawa dada." Krismasi alinitumia picha ya mshumaa, ile ambayo watu hutumiana bila kuitazama. Nilitaka kitu kimoja tu: anipigie, tuzungumze kama ndugu, anizomee hata kama ni saa nzima. Sina ndugu mwingine. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua mama alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza kusema jambo.

Watu hawasemi kwamba mzazi akifa na nyumbani kunakufa. Nyumba ya Murusagamba imefungwa kwa kufuli, baba mdogo anaangalia migomba. Zamani shule ikifungwa nilikuwa wa kwanza kufunga begi. Magari mawili na pikipiki moja, nafika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, mama ananicheka kabla hajanisalimia. Sasa wenzangu wanaondoka, mimi nabaki na ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mti, ambayo ndiyo kengele yetu. Siku moja ya likizo niliigonga. Hakuna aliyetoka popote. Niliona aibu kama nimefumaniwa.

Albamu sikuletewa na mdogo wangu. Yule mjumbe ndiye aliyenitumia, mwaka wa pili baada ya msiba, akaandika chini yake: "Dada, nimesikia sauti yangu humo. Nisamehe." Katika ziara yote ya miji kumi na mmoja, bendi ilikuwa imerekodi kila mahali, na walipokaa kuchagua, tamasha bora likawa lile la Jumapili. Mimi sielewi jazi, lakini hata mimi nilisikia. Kuna wimbo wa pili ambapo tarumbeta inamkimbia mpiga ngoma, inajificha, inarudi kumchokoza, na unasikia watu wanacheka bila kuambiwa kitu. Mwalimu mkuu alipita mlangoni kwangu akasimama. "Mwalimu, hiyo redio imekosa stesheni?" Nikamwambia ni mdogo wangu. Akavua kofia, akasikiliza kidogo kwa adabu, akasema ana pumzi nyingi. Nikamshukuru kwa niaba yake.

Kisha nikafika kwenye salamu, na nikalia. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Sauti hukatwa siku hizi, hilo najua hata mimi wa Nyarubungo. Mdogo wangu aliisikiliza rekodi hiyo mara ngapi kabla haijatoka? Angeweza kuondoa maneno yale mawili na hakuna msikilizaji wa Ulaya ambaye angejua kuna kitu kimepungua. Aliyaacha. Nikaona ameyaacha kwa ajili yangu, yanisute mimi na mjumbe wangu kila albamu ikipigwa, hata tukishakufa.

Nilisikiliza kila siku mwezi mzima. Nilifika mahali nikajua kwamba kati ya swali na jibu kuna kimya kidogo. Ni kifupi, kinatosha mtu kuvuta pumzi mara moja. Hapo yule mtu aliyefika kwa treni anaamua. Nilikuwa nairudisha simu nyuma ili nikisikie kimya hicho tena, nikiwa na wazimu wa kutumaini kwamba safari hii atajibu vingine.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nikaacha nguo kwenye beseni na povu lake, nikapanda mpaka kwenye tangi la maji nyuma ya shule, ambako mtandao unakamata. Nikampigia. Sikudhani atapokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakuniuliza habari, na mimi sikumuuliza. Tulisikilizana tunapumua. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kwa kugomba. "Kwa nini hukuyakata yale maneno? Unataka nini kwangu? Nife?"

"Wenzangu walitaka kuyakata," akasema taratibu. "Mimi nikakataa."

"Ili unitese."

"Dada. Pale nina mama."

Nikaibana simu sikioni.

"Albamu nzima nina mama," akaendelea. "Ukisikia ninavyopiga mle, huyo ni mtu mwenye mama. Sijapiga hivyo tena. Nimejaribu. Wao wanasema niko vizuri, lakini mimi najua. Na pale ninapouliza, mtu wa nyumbani ananijibu kwamba ni nzuri. Nitakata vipi hapo?"

Niliegemea tangi. Miaka miwili nilijihukumu kwa kumwibia kitu, kumbe na kitu nilimpa, bila kukusudia, kwa woga wangu. Siku mbili zaidi za kuwa na mama. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Mimi sikuzipata.

"Hujawahi kuniambia ilikuwaje," akasema. "Yule kaka alijua amefariki tu. Nikasubiri uniambie wewe, na wewe unaniandikia habari za mvua na mitihani."

"Uko na nani hapo?" nikauliza.

"Peke yangu."

Nikaangalia chini kule, nyumba yangu, kamba ya nguo, uwanja wa shule mtupu. Na mimi pia nilikuwa peke yangu. Nikamwambia. Kifua kilimbana siku tatu, nikamsihi twende hospitali Rulenge, akasema twende Jumatatu. Ijumaa asubuhi alikunywa uji nusu kikombe. Nikamlaza aelekee mlangoni, maana alipenda kutazama uwanja.

"Alinitaja?"

Kila mfiwa huuliza hivyo, na kila mtu analijua jibu. Jibu ni ndiyo. Alikutaja, alikuombea, jina lako lilikuwa la mwisho mdomoni mwake. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anaulizia maharage. Wingu lilikuwa limetanda, akasema maharage yatanyeshewa."

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Maharage gani?" akauliza.

"Ya njano. Aliyaanika kwenye turubai, karibu na jiko."

"Uliyaanua?"

Kila aliyekuja msibani aliniuliza kama nilimshika mkono, na kila mmoja nilimwambia ndiyo. Baba mdogo, padre, yule mama jirani, wote wanaamini hivyo mpaka leo.

"Nilitoka kuyaanua," nikasema. "Mvua ikaanza na mimi nimeshika turubai. Nikahangaika nayo. Niliporudi ndani alikuwa ameshakwenda. Sikuwepo, mdogo wangu. Nilikuwa uwanjani."

"Na maharage?"

"Yalinyeshewa yote."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtu asiye na jirani. Nami nikakaa chini kwenye zege la tangi, nikalia naye mpaka salio likaisha. Ilikuwa mara ya kwanza tunamlilia mama tukiwa wawili.